Injini Iliyolala na Maji Tumboni

Pikipiki ya maji ilikuwa imelala bandani miaka mingi, mpaka watu wa nyumba ile wakaacha kuiona. Waliweka ndoo juu ya turubai lililoifunika, wakalianikia mataulo, na paka akazalia hapo hapo. Mwenye chombo hicho mtaani walimwita Bosi, ingawa hakuwahi kuwa na mtu hata mmoja wa kumtuma. Asubuhi moja Bosi aliamka akasema anaitaka ziwani tena kabla magoti hayajamwacha, na akisema jambo la namna hiyo hakuna wa kumshika. Kabla watu hawajamaliza chai alikuwa ameshamfuata mume wa dada yake na kumvuta mkono mpaka bandani.

Huyo mume wa dada yake alikuwa fundi wa injini, na jina lake la kazi lilikuwa Fundi Sikio.

Mle bandani mlikuwa na ukimya wa mahali palipofungwa muda mrefu. Mabati yalikuwa na matundu, na jua lilipita humo likaanguka juu ya turubai kwa vitone vidogo vidogo vilivyotembea polepole kila jua liliposogea. Bosi akashika turubai kwa mikono miwili, akalivuta lote kwa mkupuo mmoja, vumbi likapanda, wakabaki wanatazamana ndani ya vumbi.

Chini yake pikipiki iling'aa. Ungedhani imetoka dukani jana. Mwili wake mwekundu ulikuwa umepigwa nta, usukani umepakwa mafuta, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa utepe wa gundi.

"Unaona?" Bosi akasema. "Niliitunza, shemeji. Siku ile ilipozama, tuliivuta, nikaiosha kwa sabuni, nikaikausha kwa taulo langu mwenyewe, nikaifunga isiingie hata tone."

"Na maji ya ndani uliyatoa?"

"Ndani wapi?"

"Ndani ya injini, Bosi."

Bosi akajikuna kichwa. "Si nimekwambia niliifunga?"

"Uliyafungia. Umeyafungia maji humo miaka yote hiyo. Yamekula chuma yakashiba, na wewe ukayalinda."

Bosi alicheka mpaka akashika mlango. Ndivyo alivyokuwa, jambo la kumliza mtu mwingine yeye alilichekea kwanza. Fundi Sikio naye akacheka, huku macho yake hayabanduki kwenye mdomo wa shemeji yake. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Jina la Sikio hakujipa. Alipewa na watu kwa sababu alijua ugonjwa wa injini kabla hajaigusa. Ulikuwa unafika na gari lako, hujazima hata, yeye yuko ndani anavaa viatu, anakupigia kelele dirishani: "Plagi ya tatu!" Unafungua, kweli plagi ya tatu. Watu walitoka mbali kuja kumbishia, wakarudi wameufyata. Hakuwa na vipimo vya kuchomeka na taa za kumulika. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, anafumba macho, na injini inamweleza yote.

Sasa Fundi Sikio alikuwa hasikii, na hakuna mtu aliyejua.

Haikuja kwa kishindo. Sauti zilimtoka moja moja, zikianza zile ndogo. Ndege walinyamaza. Kijiko kikanyamaza kwenye kikombe. Cherehani ya mkewe, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ikiimba chumba cha mbele, siku moja ikawa inapanda na kushuka tu bila neno. Mahali pa sauti hizo pakaingia mvumo, kama maji yanayopita mbali, usioisha mchana wala usiku. Na ndani ya mvumo huo, akituliza kichwa, alikuwa akisikia vitu vya zamani: injini za vivuko alivyovitengeneza ujanani, mluzi wa mtu aliyekufa, mvua juu ya bati ambalo liling'olewa kitambo. Aliviogopa, na alivipenda. Sauti ya Bosi ilikuwa bado inamfikia kwa mbali, kwa sababu Bosi alizaliwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo. Wengine aliwasoma midomoni.

Angemwambia nani? Fundi aitwaye Sikio akitangaza kuwa hasikii, watu watavunjika mbavu kwanza, halafu watapeleka magari yao kwingine. Alijitia hamnazo miezi na miezi. Lakini alipoiona pikipiki ile bandani alijiwekea nadhiri. Sauti yake aliijua kwa moyo, kwa maana zamani Bosi hakuwa na kazi nyingine ila kuipitisha mbele ya nyumba ya ziwani ambamo fundi na mkewe waliishi wakati huo, asubuhi, mchana na jioni. Akajiambia: nikiiamsha hii na kuirekebisha kwa sikio langu, bado mimi ni fundi, na hakuna haja ya mtu kujua. Nikishindwa, nashusha kibao cha karakana na kufunga mlango. Akapiga moyo konde, akaipakia.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na dirisha lake lilitazamana na dirisha la chumba anachoshonea mkewe. Alipofungua plagi maji yalitoka ya rangi ya chai iliyokaa, yakatiririka sakafuni, yakatafuta mlango yenyewe. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda zao kwa kutu. Mtu mwenye papara angechukua nyundo. Yeye alimimina oili na dizeli kupitia matundu ya plagi, akaziacha zizame. Kila asubuhi alikuja akashika gurudumu la mbele ya injini kwa mikono miwili, akalisukuma kidogo huku, kidogo kule, bila nguvu. Halikwenda. Akaongeza oili, akafuta mikono, akaenda zake kwenye kazi nyingine.

Siku lilipokubali, lilisogea upana wa ukucha. Fundi Sikio alikaa kitako sakafuni, machozi yakamlengalenga. Alifurahi waziwazi, peke yake, na redio ya jirani ambayo hakuisikia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda yenyewe. Alivua kichwa cha injini, akapiga msasa laini silinda mpaka kidole kikateleza. Akabadilisha ringi na beringi. Kabureta alizifungua vipande vipande, akavilaza kwenye petroli, akavipuliza kimoja kimoja na kuvitazama kwenye mwanga. Waya zilizooza alizikata. Aliporudisha kila kitu aliziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akazungusha injini kwa mkono, pumzi ikamsukuma kidole kwa nguvu. Ile ilikuwa dalili njema, na haikuhitaji sikio.

Mchana, joto likizidi, alizoea kuegemea pale na kiganja chake juu ya silinda baridi. Mvumo ulikuwa ukimjia, na ndani ya mvumo alikuwa akiona ziwa likiwa jeupe, halina upepo, na kwa mbali kitu chekundu kinakuja. Kwanza anakisikia chini kabisa, halafu sauti inapanda, nyembamba, silinda mbili zinapokezana bila kukosana. Bosi yuko juu yake, mwembamba wa siku zile, na ufukweni mkewe anacheka ameziba mdomo kwa mkono. Hata kicheko kile alikisikia. Alikuwa akifumbua macho akakuta dirisha, na mkewe ng'ambo ya dirisha ameinamia kitambaa.

Mkewe zamani alikuwa mwanamke wa maneno. Alikuwa akishona na kusimulia, akipika na kusimulia, habari za wateja, za viuno vilivyonenepa na wenyewe wanavikana. Siku hizi alikuwa amepungua maneno. Fundi Sikio alilihesabu hilo kuwa kosa la masikio yake, akadhani bado anasema kama kawaida ila yeye hapati. Jioni moja alimwona amesimama mlangoni, amempa kisogo nusu, midomo ikimalizia jambo.

"Ndiyo," fundi akajibu, kwa kubahatisha.

Mkewe akageuka akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa amemuuliza anakula sasa au baadaye. Akaweka sahani mezani, akaenda zake, na cherehani ikaanza kupanda na kushuka.

Siku ya kuijaribu waliirudisha kwa Bosi, kwenye uwanja wa nyuma unaoteremka ziwani. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ziwa halionekani mwisho wake, na ile pikipiki nyekundu ilikaa juu ya mbao mbili katikati ya weupe ule. Bosi alimwita na dada yake aje ashuhudie. Alikuja na kigoda na suruali ya mtu, akakaa anakunja pindo.

Fundi Sikio alichomeka mpira wa maji kwenye injini na kumpa Bosi kazi ya bomba.

"Nisikilize vizuri. Injini hii inapozwa na maji, lakini maji hayaingii kabla haijawaka. Ukifungua mapema, yatarudi kinyumenyume mpaka ndani ya silinda, tutakuwa tumeizamisha upya. Mimi nikishaisikia imeshika, nitainua mkono. Ndipo ufungue."

"Mkono upi?"

"Wowote, Bosi!"

"Nauliza tu, shemeji. Mara nifungue umenyanyua wa kujikuna."

Fundi akabonyeza. Aliihisi starta ikihangaika chini ya kiganja. Akaacha, akabonyeza tena, akaipa hewa kidogo. Akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kulia kama alivyofanya maisha yake yote.

Ikaja. Ilianzia chini kabisa, ikakohoa, ikashika, halafu ikapanda nyembamba na safi, silinda mbili zikipokezana. Ilikuwa ile ile. Moyo wake ukajaa mpaka ukamuuma. Akainua mkono.

Maji hayakuja. Akauinua tena, kwa ukali, macho bado yamefumbwa, akahisi mpira ukitikisika na kujaa. Akasimama pale anasikiliza. Silinda ya nyuma inachelewa kidogo, akajiambia, nusu mzunguko wa bisibisi itakaa sawa. Alikuwa anatabasamu. Hakukumbuka lini aliwahi kuwa na raha ya namna ile.

Alipofumbua macho hakukuwa na moshi. Gurudumu la injini lilikuwa limesimama tuli. Bosi alikuwa ameshika bomba, amemkodolea macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa anacheka. Akalifunga bomba, akasogea karibu.

"Shemeji," akasema, "haijawaka."

"Imewaka."

"Haijawaka. Hata kukohoa haijakohoa. Nilidhani unajua jambo nisilolijua, ndiyo nikafungua."

Kisha Bosi akatazama nyuma ya bega la fundi, na fundi akageuka. Mkewe alikuwa amesimama mgongoni pake, karibu kabisa, suruali ya mtu ikiburuta kwenye majani. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Nimekuita," akasema. "Nimekuita hapa hapa, kwa sauti yote. Hukugeuka."

Fundi Sikio akaikazia macho midomo yake.

"Husikii."

"Sisikii," akakubali.

"Tangu lini?"

"Tangu cherehani yako ilipoacha kulia."

Alitegemea huruma. Labda alitegemea na kicheko. Mkewe alimpiga kifuani na ile suruali, akampiga tena, na uso wake ukawa umelowa.

"Na mimi nimedhani umenichoka!" Alisema polepole, kila neno likaonekana. "Nakuita, hugeuki. Nakusimulia, unatazama ukuta. Nimelala ubavuni mwako ninalia, usiku na usiku, hukunyoosha hata mkono. Nikasema basi, mwanaume kashanichoka, nijikaze kisabuni nishone nguo za watu. Kumbe wewe unaficha sikio!"

Miezi yote ile Fundi Sikio alikuwa akiomboleza injini. Alikuwa amehesabu kila gari ambalo hatalisikia tena, kila mota na kila jenereta. Mkewe kulia ubavuni mwake hakukuwamo kwenye hesabu hiyo.

"Sikujua," akasema. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, akahofia haikutoka, akarudia. "Mama watoto, wallahi sikujua."

"Ungejuaje?"

"Jamani," Bosi akaingilia, ameshika kichwa, "mtagombana baadaye, injini inakunywa maji."

Ikabidi wainame wote. Fundi alichomoa plagi, akabonyeza starta, na maji yakaruka juu kwa mikupuo, yakawalowesha watatu. Bosi akapata cha kuchekea tena. Fundi akamimina oili, akazungusha, akamwaga, akarudia mpaka kilichotoka kikawa oili tupu. Mkewe alizifuta plagi kwa kitambaa, kwa vidole vyake vilivyozoea sindano, akazipuliza bila kuambiwa. Alipompa ya mwisho, fundi akasema, "Kibao nitakishusha leo."

"Kishushe ukitaka," mkewe akasema. "Lakini kwanza maliza kazi ya watu."

"Nitajuaje imewaka?"

Mkewe akaenda akasimama mbele ya pikipiki, mahali ambapo fundi hawezi kuinua macho asimwone, akafunga mikono kifuani.

Fundi akabonyeza. Mvumo ukajaa masikioni mwake, na ndani yake, bila aibu, ile sauti ikaanza kuja tena kutoka mbali, tamu kuliko mwanzo. Aliiacha ipite. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, hajashtuka, hajatikisika. Akabonyeza tena. Akaongeza hewa. Mara mabega ya mkewe yakaruka, na mkono wake mmoja ukapanda juu moja kwa moja, na Bosi akafungua bomba.

Moshi wa buluu ukatoka ukaingia ukungu. Mpira ukatikisika, maji yakatoka upande wa pili yakiwa ya moto. Hivyo vyote aliviona.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inapiga kelele."

"Kelele gani? Nieleze vizuri."

Mkewe akafumba macho. Injini hakuwahi kuzijali maishani mwake, alizijua kwa kuchafua mashuka tu. Akasikiliza hata hivyo, kisha akasema, "Inaruka. Inakwenda vizuri, halafu inaruka mshono mmoja, halafu inakwenda."

"Sasa?" Fundi alikuwa ameshaingiza bisibisi kwenye kabureta ya nyuma.

"Bado."

"Sasa?"

"Umeiharibu zaidi. Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo!" Akapiga kofi. "Hapo hapo, usiguse tena."

Fundi akaondoa mkono. Akaiacha izunguke kidogo, akamwashiria Bosi afunge maji, kisha akaizima. Bosi alikuwa anacheza peke yake kwenye majani yaliyolowa, magoti yake yote mawili yakiwa salama, anapiga mayowe ambayo hata fundi aliyapata machache. Halafu akakimbilia ndani kutafuta kamba ya kuiteremshia ziwani.

Wakabaki wawili. Ukungu ulikuwa unaanza kufunguka, na ziwa likaonekana kipande, halafu kipande kingine. Fundi Sikio alifuta bisibisi muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Zile siku ulizokuwa unalia," akasema. "Ulikuwa unasema kitu?"

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa unasema nini?"

Mkewe akasogea, akamshika bega, akaweka mdomo wake kwenye sikio la kulia, lile lililosifika, akaanza kumwambia. Alimwambia mengi. Fundi alihisi pumzi yake ya moto, mara ndefu, mara ya kukatika, na mkono wake ukikaza begani. Hakupata hata neno moja.

Angeweza kuacha amalize, kisha akasema ndiyo. Alikuwa ameshazoea kusema ndiyo.

Akamshika mashavu yote mawili kwa mikono yake iliyojaa oili, akamgeuza uso taratibu mpaka wakatazamana.

"Huku," akasema. "Nikuone mdomo. Anza tena mwanzo."

Mkewe akafuta pua kwa kiganja, akaanza tena mwanzo.